Kadi ya Mshiriki Namba Kumi na Saba

Mwizi aliyeingia ofisini kwa Daktari alikuwa na adabu zake. Hakuvunja kufuli, hakupindua meza, hakugusa hata ile kompyuta mpya ambayo mwizi yeyote mwenye akili timamu angeikumbatia kwanza. Alifungua kabati la chuma kwa ufunguo, akachomoa kadi ndogo ya sauti kutoka kwenye bahasha moja, akairudisha bahasha mahali pake, akafunga. Bahasha arobaini zilikuwa zimesimama wima kwenye droo, na moja tu kati yake ilikuwa tupu. Juu yake paliandikwa kumi na saba.

Inspekta alizihesabu mara mbili, kisha akazihesabu tena. Alikuwa mtu wa kurudia. Kituoni walimwita Msasa, kwa kuwa alimsugua shahidi kwa swali lilelile mara tano, mara sita, mpaka maelezo yatoke laini bila mkwaruzo. Jina alilipenda, ingawa alijifanya hana habari nalo.

"Rudia, Daktari," alisema. "Nani anajua ufunguo unakaa wapi?"

"Nimeshakwambia mara tatu."

"Ndiyo maana naitaka ya nne."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kalamu moja mkononi na nyingine aliyoichomeka nywelani akaisahau. Alicheka kidogo bila furaha. "Unajua kwamba unachonifanyia sasa hivi ndicho ninachokichunguza hapa?"

"Nakufanyia nini?"

"Watu hudhani kumbukumbu ni picha iliyofungiwa sandukuni. Siyo. Kila ukiikumbuka unaitoa, unaishika, unairudisha ikiwa na alama za vidole vyako. Na vya anayekuuliza pia. Ukiniuliza mara ya saba ufunguo ulikuwa wapi, nitaanza kuuona mahali unapopataka wewe."

"Mimi nataka ukweli tu."

"Wote husema hivyo," Daktari alisema.

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari, aliinamisha uso asionekane anatabasamu. Alikuwa msichana mfupi, mwenye miaka mitatu kazini na ulimi usiokopesha.

Daktari akaeleza, kwa mara ya nne, na safari hii akaongeza jambo. Washiriki wake walikuwa watu wa kawaida waliowahi kuona jambo la kutisha. Walivaa kofia ile ya nyaya iliyoning'inia ukutani, wakasimulia, naye akasoma kwenye mashine jinsi ubongo unavyofanya kazi wanapokumbuka. Hakuna aliyeuliza swali. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba kile.

"Namba kumi na saba alishuhudia mauaji miaka ya nyuma," alisema. "Alipoachwa asimulie kwa mwendo wake, alisema mambo ambayo hakuyasema kortini. Kuna mtu yuko gerezani kwa maneno yake. Jumatatu mahakama inasikiliza ombi la kupitia upya hukumu, la mwisho. Jana Jumatano saa nne asubuhi nilimwita mshiriki hapa, nikamsikilizisha, nikamwomba ruhusa niipeleke kadi huko. Akasema atafikiri. Leo asubuhi kadi haipo."

"Nakala?"

"Huwa tunahamisha sauti mwisho wa mwezi. Ni kosa langu, na nimeshalilia."

"Nipe jina la huyo mshiriki."

"Niliwaahidi wote arobaini kwamba sitataja jina. Nifunge mimi kama unataka."

Inspekta aliposikia Jumatatu, alikumbuka kitu. Alikuwa na barua ya mahakama kwenye droo yake kituoni, inayomtaka afike Jumatatu kwa kesi ya zamani. Hakuwa ameisoma mpaka mwisho. Mashauri ya Jumatatu ni mengi, alijiambia, akaendelea na kazi.

Kwanza alimkamata aliyekuwa karibu. Huyo alikuwa fundi wa mashine za Daktari, kijana mwenye miwani minene, ambaye wenzake hawakujisumbua kumtafutia jina jingine zaidi ya Miwani. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa akiba. Wiki iliyopita aligombana na Daktari mbele ya watu. Na alipoulizwa jana alikuwa wapi saa nne asubuhi, alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Nimesaini kitabuni."

"Mlinzi wa getini anasema ulitoka saa tatu ukarudi saa saba, umevaa tai," Inspekta alisema. "Leo hujavaa tai. Jana ulikuwa unakwenda wapi umependeza hivyo?"

Jasho likamtoka Miwani. Sajini alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

"Afande, nikisema, Daktari atajua?"

"Ukikaa kimya atajua zaidi."

"Nilikwenda kwenye usaili wa kazi. Kule hospitali kubwa." Akatoa simu, akaonyesha ujumbe wa kuitwa, wenye saa na jina la aliyemsaili. Sajini alipiga simu pale pale. Ilikuwa kweli, tena hakuipata kazi.

"Pole," Sajini alimwambia, na Miwani akashukuru kana kwamba amefiwa.

Inspekta akarudi kwenye kabati. Alifikiri kwa sauti, ndiyo desturi yake anapokuwa na mtu wa kumsikiliza. "Mwizi hakupekua. Bahasha hazina majina, zina namba. Kwa hiyo aliijua namba. Nani anaijua kumi na saba ni ya nani? Daktari, Miwani, na nani mwingine?"

"Kumi na saba mwenyewe," Sajini alisema.

Inspekta alipiga goti, akamulika chini ya kabati kwa simu. Palikuwa na vumbi, kibanio cha karatasi, na kipande bapa cha kitu cha buluu, chembamba kwenye kingo, kikubwa kama ukucha wa dole gumba. Alikikwaruza kwenye karatasi kikaacha mstari laini.

"Chaki," Sajini alisema. "Lakini si ya shule."

"Ya kuchorea kitambaa. Ya fundi cherehani."

Mlinzi wa getini hakuwa na siri za kitaaluma. Kitabu chake kiliandika wageni kwa namba tu, kama Daktari alivyotaka, lakini hakuna aliyemwambia asifahamiane nao. "Yule mshonaji? Namjua sana," alisema, akavuta suruali yake ya kazi mbele kwa fahari. "Hii ilikuwa inaburuta. Alinipunguzia wiki jana. Duka lake liko ng'ambo ya reli, lile ambalo zamani lilikuwa la misumari."

Sajini aliandika, akainua macho. Inspekta alikuwa ameshika nguzo ya geti.

"Afande, unapajua?"

"Napajua," alisema Inspekta.

Njiani alimwambia, kwa ufupi, kama mtu anayesoma jalada. Miaka minane iliyopita mwenye duka la misumari alipigwa kichwani akafa, saa tisa mchana, dukani kwake. Mpwa wake, binti ambaye ndiye huyu mshonaji, alikuwa chumba cha nyuma akishona. Alitoka akamwona muuaji akiondoka. Kesi ilikuwa ya Inspekta. Siku ya nne walimpata fundi baiskeli mmoja, mtu mrefu kupindukia, wanamwita Nguzo, ambaye aliwahi kugombana na marehemu. Mpwa alimtambua kwenye gwaride la utambuzi kwa sikio lake la kushoto lililokatika ncha. Kifungo cha maisha.

"Ushahidi mwingine?"

"Ulitosha huo. Binti alilitaja sikio mwenyewe, siku ya kwanza, kabla sisi hatujamjua Nguzo wala sikio lake. Nilikula kiapo kuhusu hilo."

Sajini alifunga daftari bila kuliandika hilo.

Duka lilikuwa limejaa vitambaa sasa, lakini mwili wake ulikuwa uleule. Mizani ya zamani ilining'inia kwa mnyororo, imetundikwa mikoba. Shata la chuma la mlangoni, lile la kushushwa, lilikuwa limeshuka nusu, limekwama. Inspekta aliinamisha kichwa kupita.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, tepu shingoni. Alipomwona, uso ulimchanua kabla haujasawijika. "Afande," alisema. "Karibu. Nilijua atakuja mtu, ila sikujua ni wewe. Afadhali ni wewe."

"Habari za siku nyingi, dada."

"Nzuri. Si nzuri." Alivuta kopo la vifungo kutoka rafuni, akapekua kwa kidole, akatoa kadi nyeusi isiyozidi ukucha. Hakujitetea hata kidogo. Akaiweka mezani kati yao. "Daktari alitoka kupokea simu. Namba yangu naijua. Ufunguo nilimwona akiuchukua mara nyingi. Sijawahi kuiba hata sindano, Afande, nakuapia."

"Kwa nini uliichukua?"

"Kwa sababu inasema uongo. Daktari alinisikilizisha. Sauti ni yangu, lakini mimi sikumbuki hivyo. Mimi nalikumbuka sikio. Naliona hata sasa, hivi ninavyokuona wewe. Sasa huyo anayezungumza humo ndani ni nani?" Akaisukuma kadi upande wa Inspekta. "Itupe wewe. Mimi mkono umekataa. Wewe ndiye uliyenisaidia kukumbuka."

Inspekta aliiangalia ile kadi. Na hapa aibu yake isifichwe: alifikiria kuitupa. Ilikuwa ndogo kiasi cha kuanguka kwenye ufa wa sakafu. Jumatatu ingefika, ombi lingekataliwa, naye angestaafu mwakani kwa heshima zake. Alifikiria hivyo kwa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi tatu, na Sajini alikuwa akimtazama.

"Weka kwenye simu yako, Sajini," alisema. "Tusikilize."

Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu aliyefumba macho.

"Nashona. Nasikia mnyororo wa mizani unalia. Kitu kizito kinaanguka. Nafungua pazia. Mjomba yuko chini, jiwe la mizani liko kando yake. Kuna mtu. Ananipa kisogo. Ana kofia ya sufi, imeshuka mpaka shingoni. Anatoka. Hageuki. Shata liko nusu, anapita chini yake wima, mbio, hata kofia haigusi." Mashine ilisikika ikinguruma kwa mbali. "Sikio halipo hapa. Kofia imelifunika. Sikio liko mezani. Liko kwenye picha. Afande ameweka kidole juu yake. Ananiuliza, ndiyo hili? Nasema sijui. Ananiuliza tena."

Sajini alizima. Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Sikuwahi kukuonyesha picha," Inspekta alisema. Aliongea polepole kwa kuwa alikuwa na uhakika. Aliikumbuka siku ile yote: ofisi, feni mbovu, binti mwenye leso mkononi, na sauti yake ikisema bila kuulizwa, alikuwa na sikio lililokatika. Aliikumbuka kiasi cha kuweza kuichora.

"Ndiyo," alisema mshonaji kwa shauku. "Ndivyo ninavyokumbuka hata mimi."

Walitazamana kama watu wawili waliokamatwa na nguo moja.

"Shata hili," Sajini aliuliza, "lilikuwa hivi hivi siku ile?"

"Limekwama tangu mjomba yuko hai. Mafundi wameshindwa."

Sajini akatoka kwenye pazia la nyuma, akatembea upesi mpaka mlangoni, akapita chini ya shata bila kuinama. Ukingo wa chuma ulibaki juu ya nywele zake upana wa vidole viwili. Akarudi, akachukua tepu shingoni mwa mshonaji, akapima kutoka sakafuni. Inspekta alikwenda akasimama pale. Ukingo ulimgusa puani.

"Huyo Nguzo ana urefu gani, Afande?"

"Ananipita kichwa kizima," alisema Inspekta.

Hapakuwa na haja ya kufanya hesabu. Mtu wa urefu ule, akipita pale mbio akiwa wima, angeacha meno yake kwenye chuma. Miaka minane, na hakuna hata mmoja, si yeye, si wakili, si jaji, aliyemuuliza binti yule mtu alitokaje. Walimuuliza sikio tu.

Mshonaji alikuwa ameshika mdomo. Machozi yalimtoka bila kelele. "Nimemfunga mtu," alisema.

"Hukumfunga wewe," Inspekta alimwambia. Alichukua maelezo ya wizi, yakawa mistari minne, akamwomba asaini kwamba anaruhusu kadi ipelekwe mahakamani. Alisaini kwa chaki ya buluu kwanza, kwa kupotewa, kisha kwa kalamu.

Kesho yake asubuhi walikwenda masijala. Mtunza majalada aliwaletea jalada likiwa limefungwa kamba, akapuliza vumbi kuelekea kwa Inspekta kwa makusudi, maana alichukia watu wanaofufua mambo ya kale. Sajini ndiye aliyefungua. Inspekta alimtaka afungue yeye, tena asome kwa sauti.

Maelezo ya kwanza ya binti, siku ya mauaji, mwandiko wa Inspekta mwenyewe, ule wa kulala kulia. "Sikuuona uso. Alinipa kisogo. Alivaa kofia." Basi. Karatasi nusu.

Maelezo ya pili hayana sikio. Ya tatu hayana sikio. Ya nne, siku ya tano, kulikuwa na sikio.

"Labda alilitaja kwa mdomo nikasahau kuandika," Inspekta alisema.

Sajini alifunua karatasi chache nyuma, akatoa hati ndogo ya njano, ile ambayo ofisa hujaza anapoazima picha ya mtu kutoka kumbukumbu za kituo. Picha moja, ya fundi baiskeli. Imechukuliwa siku ya nne, imerudishwa siku ya tano. Kwenye nafasi ya sababu paliandikwa: kumwonyesha shahidi. Sahihi ilikuwa ya Inspekta, na ule mkia mrefu aliokuwa akiupenda ujanani.

Gwaride lilifanyika siku ya saba.

Alikaa kitako kwenye kigoda cha mtunza majalada. Alijaribu kukumbuka akiitia sahihi hati ile. Alijaribu kwa nguvu zote, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe mwenyewe. Alichokiona ni feni mbovu, leso, na binti anayelitaja sikio bila kuulizwa. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, safi, haina doa, na ilikuwa ya uongo. Ameisimulia kiaponi mara mbili. Ameisimulia chuoni kwa askari wapya, kama mfano wa kazi nzuri.

Alimpigia Daktari simu pale pale.

"Nilitoa ushahidi wa uongo kortini," alimwambia.

"Ulijua ni uongo?"

"Hapana. Hata sasa nakumbuka vingine."

"Basi hukudanganya, ulikumbuka vibaya," Daktari alisema. "Mimi ningeweza kukuonyesha kwenye mashine kwamba ubongo wako hautofautishi. Ila kwa yule aliyeko ndani ni mamoja, Inspekta."

"Najua."

Mchana wa siku ile aliketi upande wa pili wa meza yake mwenyewe, Sajini akaandika. Alimwelekeza aandike kwamba alimwonyesha shahidi picha moja, akamwekea kidole, akamrudia swali mpaka akakubali. Sajini aliuliza kama aandike kwamba anakumbuka kufanya hivyo. Alisema aandike hakumbuki, na aandike kwamba alifanya. Nakala tatu, na kadi, na vipimo vya shata, vilifika kwa wakili aliyewekwa na dada yake Nguzo kuleta lile ombi, kabla ofisi hazijafungwa. Mkuu wa kituo alimwita, akafoka, akamwomba alale kwanza alifikirie, akafoka tena. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha kitambulisho chake cha kazi mezani.

Ilibaki kazi moja, na hakutaka Sajini amfanyie.

Jumamosi, saa za kutembelewa gerezani, walimketisha kwenye chumba chenye meza ya saruji na benchi mbili. Nguzo aliletwa na askari magereza. Mlango ulikuwa wa kawaida, na bado aliinama kuingia. Nywele zilikuwa zimeota mvi pembeni, karibu na lile sikio. Alikaa, akaweka mikono mezani, mikono mikubwa ya kukunja rimu.

"Shikamoo, Afande," alisema.

Salamu ile ilimchoma Inspekta kuliko tusi. Walipishana miaka michache tu kwa umri. "Usiniamkie," alisema. "Nimekuja kukwambia jambo. Jumatatu nitasimama mahakamani niseme nilikosea. Shahidi hakukuona. Mimi ndiye niliyemwonyesha picha yako. Aliyemuua yule mzee alikuwa mtu mfupi, na karatasi zote ziko kwa wakili. Utatoka. Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Nimekuja ulisikie kutoka kinywani mwangu."

Nguzo alimsikiliza kwa heshima, kama fundi anayesubiri mteja amalize kueleza ubovu wa baiskeli.

"Dada aliniambia kuna ombi," alisema hatimaye. "Nilimwambia asijisumbue."

"Kwa nini?"

"Mimi nilishatubu, Afande. Mwaka wa tano. Hapa tuna darasa la kutubu, unasimama unaeleza ulichofanya. Mwanzoni nilikuwa nakataa, nasema sikufanya. Wakawa wananiambia, jaribu kukumbuka, ukikumbuka utapona. Nikajaribu. Kila wiki." Alitazama mikono yake. "Nikakumbuka. Namwona yule mzee. Nainua nyundo. Nahisi uzito wake hapa kwenye kiwiko."

Inspekta aliinua mkono kumsimamisha. "Nyundo gani?"

"Niliyompigia."

"Hakukuwa na nyundo." Inspekta alisogea karibu na meza. "Mzee alipigwa kwa jiwe la mizani. Nyundo niliisema mimi. Siku ya kwanza nilipokuhoji, kabla ripoti ya uchunguzi wa maiti haijafika, nilikwambia tumeipata nyundo yako ina damu. Nilibuni nikutishe. Nilikurudia usiku na mchana."

Nguzo hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alikunja uso, akawa anatafuta, macho yakienda kushoto na kulia. Askari magereza pale mlangoni aliacha kuchezea funguo.

"Lakini naiona, Afande. Nyundo. Mpini una mkanda mwekundu."

"Hiyo ni nyundo yako ya kazini. Haikuhusika."

"Naiona," alirudia, kwa sauti ya chini.

Alijishika kiwiko. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama Inspekta machoni, wala si kwa chuki. Alimtazama kama anayeuliza njia.

"Sasa, Afande, nilikuwa wapi siku ile?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Inspekta. Alilisoma jana masijala, ukurasa wa kwanza wa maelezo ya Nguzo, siku ya kukamatwa, kabla ya nyundo na kabla ya usiku wowote. Angeweza kumsimulia pale pale. Alifungua mdomo, akamwona mtu yule mrefu ameinama mbele, amejiweka tayari kuamini chochote atakachoambiwa na yeye, na akaufunga.

Alitoa nakala mfukoni, akaikunjua, akaisogeza juu ya saruji.

"Soma mwenyewe," alisema. "Ni maneno yako. Mimi niliandika tu."

Nguzo aliivuta karibu. Alisoma kwa kidole, midomo ikienda. Nilikuwa kwenye machimbo ya kokoto. Kulikuwa na manyunyu, gundi ilikuwa haishiki. Nilikuwa natengeneza gurudumu la mkokoteni wa mzee mmoja mwenye kikohozi, simjui jina, nikamwambia angoje, akangoja mpaka saa kumi. Mtafuteni atawaambia.

Pembeni, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa kulala kulia, palikuwa na neno moja. Anadanganya.

"Hili la pembeni ni la nani?" Nguzo aliuliza.

"Langu."

"Mlimtafuta huyo mzee?"

"Hatukumtafuta," alisema Inspekta.

Nguzo alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea habari za mtu wa mbali. Kisha kidole chake kikarudi juu ya ukurasa, kwenye mstari wa kwanza, akaanza tena kusoma.